Mkeo Anajua Kugawanya

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ndoa anayetaka kununua kifaa ambacho nyumba haikukiomba. Nitatumia kamera kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri. Ukiweka mahali pake gitaa, baiskeli ya mbio, vifaa vya kuvulia samaki au spika kubwa za kusikilizia taarab, hesabu hazibadiliki. Na ingawa kichwa cha habari kinamtaja mke, mume naye anajua kugawanya, na mke anayetaka oveni kubwa ya keki au mashine ya kudarizi hupiga hesabu hizihizi.

Hesabu zenyewe kila mpenda vifaa anazijua bila kufundishwa. Waendesha baiskeli wa Ulaya na Marekani wana kanuni yao maarufu: idadi sahihi ya baiskeli ni n + 1, na n ni idadi ya zile ulizonazo sasa. Kanuni hiyo ina nusu ya pili isiyotajwa mara nyingi, s – 1, ambapo s ni idadi ya baiskeli itakayomfanya mwenza wako afungashe virago. Watu hucheka nusu ya kwanza, lakini kwangu mimi uzito wote uko kwenye ya pili. Thamani ya s haijulikani mpaka umeivuka, na njia pekee ya kuijua mapema ni kumuuliza mwenyewe.

Hesabu nyingi za kutetea kifaa ni sahihi kabisa kwa kalamu na karatasi. Rudia kugawanya mara kumi, jibu ni lilelile. Kasoro yake ni kile kilichoachwa nje ya karatasi, na anayekaa na wewe ndani ya nyumba anakijua kilichoachwa kuliko mtu mwingine yeyote. Anajua ni Jumamosi ngapi kweli unatoka. Anajua ile stendi ya kamera imelala nyuma ya kabati tangu lini.

Bei kwa siku

Tuseme kamera inauzwa shilingi 2,400,000. Unasema itadumu miaka mitano, yaani siku 1,825. Unagawanya, unapata 1,315. "Mama watoto, hii ni elfu moja na mia tatu tu kwa siku. Ni chai na chapati mbili kwa mama ntilie."

Maneno haya yana nguvu, na wauzaji wanaijua nguvu hiyo. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani John Gourville alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba gharama ileile hupokewa kwa urahisi zaidi ikitajwa kwa siku kuliko ikitajwa kwa mwaka. Ukisikia kiasi kidogo cha kila siku, akili inakilinganisha na vitu vidogo vya kila siku kama kikombe cha kahawa. Ukisikia kiasi chote kwa pamoja, inakilinganisha na ada na kodi ya nyumba.

Ila hutapiga picha siku 1,825. Kigawanyo cha haki ni idadi ya mara utakazoishika kamera, na hapo ndipo sisi wapenda vifaa tunapojipendelea. Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha uchunguzi wao juu ya wanachama wa gym nchini Marekani. Waliochagua kulipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walikwenda wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, hivyo kila siku ya mazoezi iliwagharimu zaidi ya dola 17. Gym hizohizo zilikuwa na kadi ya kuingia mara kumi iliyoshusha kila mara hadi dola 10. Wanachama wale walimlipia mtu wa kesho, yule mwenye nidhamu. Nasi tunamnunulia kamera mtu atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kila Jumapili kwenda soko la samaki la Feri kupiga picha mashua zinaporudi na samaki. Huyo mtu huenda yupo, lakini muulize mwenzako kama amewahi kumwona.

Simaanishi kejeli. Namba ya matumizi usiiandike wewe, mwachie mwenzako aiandike. Yeye hana sababu ya kuipandisha, na wewe utakuwa umeonyesha kwamba huogopi jibu. Akisema mara mbili kwa mwezi, hiyo ni mara 24 kwa mwaka na 120 kwa miaka mitano. Gawanya upya: shilingi 20,000 kila unapotoka. Tumetoka mbali na chai na chapati, lakini elfu ishirini kwa nusu siku ya kufanya jambo unalolipenda kwa moyo wote ni kiasi ambacho mtu anaweza kukitetea bila kuinamisha kichwa. Watu hulipa zaidi ya hapo kwa nyama choma ya jioni moja, na nyama ikiisha imeisha.

Nimeokoa laki tano

Kibandiko kinasema 2,400,000, kimepigwa mstari mwekundu, na chini yake 1,900,000. Mtu anarudi nyumbani akitangaza kwamba ameokoa laki tano. Kilichotoka kwenye akaunti ni milioni moja na laki tisa, na hakuna mahali popote ndani ya nyumba ambapo zile laki tano zinaweza kuonekana.

Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo kila mnunuzi anafaa kulijua. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, likasimama kwenye 10 kwa wengine na kwenye 65 kwa wengine. Kisha wakawataka wakadirie ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Makadirio ya kati ya walioona 10 yalikuwa 25, na ya walioona 65 yalikuwa 45. Gurudumu halikujua lolote kuhusu Afrika, lakini namba iliyotangulia iliivuta namba iliyofuata. Bei iliyopigwa mstari hufanya kazi hiyo dukani. Kariakoo muuzaji hata wino hauhitaji: anaanza na milioni tatu, anakuangalia usoni, halafu anashuka "kwa sababu ni wewe".

Funika bei ya juu kwa kidole gumba. Halafu ujiulize kama ungeitoa milioni moja na laki tisa endapo hiyo ndiyo ingekuwa bei tangu mwaka jana, bila ofa wala siku ya mwisho. Ukijibu ndiyo kwa moyo mweupe, ofa ni nzuri, ichukue. Ukisita, mstari mwekundu ndio uliokuwa ukikushawishi.

Nduguye ni hesabu ya bei ya nje. Umeona kamera hiyohiyo mtandaoni kwa 1,500,000 na unamwambia mwenzako kwamba huku tunaibiwa. Fuata njia ambayo mzigo utapita. Weka usafiri na bima, tuseme 200,000, upate 1,700,000. Ushuru wa forodha haukokotolewi kwenye bei ya kifaa peke yake, bali kwenye jumla hiyo. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, kutegemea aina ya bidhaa. Tuseme kifaa chako kimeangukia 25. Ongeza 425,000, unafika 2,125,000. Juu ya hapo Tanzania inatoza VAT ya asilimia 18 (Kenya ni 16), yaani 382,500. Umefika 2,507,500, na bado kuna tozo ndogondogo na malipo ya wakala. Yule wa dukani uliyemwita mwizi anauza 2,400,000 na anakupa risiti na waranti.

Pesa ya upatu

"Hii siyo ya mshahara, ni ya upatu." Sentensi hii nimeisikia kwa wanaume na wanawake sawasawa, na ndiyo inayopita kwa urahisi zaidi kwa sababu hata mwenza mkali huilegezea. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliueleza mwenendo huo mwaka 1985: watu hugawa fedha kwenye mafungu kichwani kufuatana na ilikotoka, kisha kila fungu wakalitumia kwa sheria zake. Ya mshahara ni ya heshima. Ya bonasi, ya zawadi au ya mchezo inaruhusiwa kutembea.

Upatu unastahili kupigiwa hesabu pekee. Mko watu 12, kila mmoja anatoa 200,000 kwa mwezi. Zamu yako ikifika unapokea 2,400,000, bei ya kamera kamili, kama vile mbingu zimesema. Lakini kila shilingi iliyomo ni yako. Ukipokea mwezi wa mwisho, ni akiba ya mwaka mzima iliyotoka kwenye mshahara uleule. Ukipokea mwezi wa kwanza, jambo ni zito zaidi: umetoa 200,000 tu, na umebaki na miezi 11 ya kutoa 2,200,000. Hiyo kamera umeinunua kwa mkopo usio na riba kutoka kwa watu 11 wanaokuamini. Mwambie mwenzako hivyo hasa, kwa sababu katika miezi hiyo 11 yeye pia ataishi na upungufu wa laki mbili kila mwezi, na ana haki ya kujua umetoka wapi.

Itajilipa yenyewe

Hii ndiyo hesabu ninayokusihi uiache kabisa, isipokuwa kama kweli unaanzisha biashara. "Harusi moja ni laki nne. Harusi sita, kamera imejilipa." Kwa kuzidisha ni kweli: sita mara 400,000 ni 2,400,000.

Sasa toa gharama. Nauli ya kwenda kanisani au msikitini, ukumbini na kurudi saa nane usiku na mzigo. Msaidizi wa kushika taa. Kuchapisha albamu. Siku mbili za kuchagua na kuhariri picha. Tuseme yote ni 180,000 kwa kila harusi, na hapo muda wako bado hujaulipa. Zinabaki 220,000, na harusi sita zimekuwa 11. Kisha kumbuka kwamba hakuna mpiga picha makini anayeingia ukumbini na kamera moja, kwa sababu bibi harusi hawezi kuingia mara ya pili yako ikikwama. Kamera ya akiba ya bei hiyohiyo inazifikisha harusi kuwa 22. Wakati wa Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, na wenye majina mjini wameshazishika nyingi za miezi mingine. Halafu hizo 22 ni Jumamosi 22. Nani atabaki na watoto? Mwenzako hakuulizwa kama anataka kuwa mbia kwenye biashara hii, na yeye ndiye anayechangia muda mwingi kuliko mtu yeyote.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuiacha. Ukimwuzia mwenzako kamera kama kitega uchumi, umempa haki zote za mwenye hisa. Mwezi wa nne anaweza kuuliza faida iko wapi, na atakuwa hana kosa. Siku utakapotaka kwenda kupiga picha ndege kwenye mikoko, bila mteja wala malipo, utakuwa umeiba muda wa kampuni. Jambo ulilolipenda kwa sababu halikuwa kazi, umeligeuza kazi kwa mdomo wako mwenyewe ili tu upate ruhusa ya kulinunulia kifaa.

Hesabu ya kitaalamu

Kwa wenye kamera tayari, hesabu hubadilika na kuwa ya fizikia. Lenzi ya f/1.4 inapitisha mwanga mwingi kuliko ya f/1.8, na unaweza kuthibitisha: gawanya 1.8 kwa 1.4, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata kama 1.65. Mwanga umeongezeka kwa asilimia 65. Mwenza asiyejua lenzi hawezi kubishana na hilo, na kwa sababu hiyohiyo si haki kulitumia kumnyamazisha.

Jaribio la haki unalifanya peke yako, na ni la jioni moja. Fungua picha zako zote za mwaka uliopita. Zitafute zile zilizoharibika kwa kukosa mwanga, ambazo lenzi mpya ingeziokoa. Usihesabu zilizoharibika kwa sababu ulichelewa, mkono ulitikisika mchana kweupe, au jambo lenyewe halikuwa na picha ndani yake. Ukizikuta nyingi, na ukaona ni picha ulizozitaka sana (mwanao jukwaani kwenye mahafali, babu akicheza bao barazani jioni), basi umepata hoja yenye uzito kuliko asilimia yoyote. Mwonyeshe mwenzako picha hizo. Atakuelewa bila fizikia.

Karatasi moja

Baada ya kuzifuta hesabu hizo zote, andika ya kweli. Inatosha karatasi moja, na nashauri iwe karatasi hasa, si simu, ili nyote wawili muweze kuishika na kuandikia.

Anza na kila kitu ambacho kamera itakidai. Mfaransa Denis Diderot aliandika mwaka 1769 jinsi joho jipya la kuvaa nyumbani lilivyofanya samani zake zote za zamani zionekane duni, akajikuta anazibadilisha moja baada ya nyingine. Kamera ina tabia ya joho hilo. Memori kadi 80,000. Betri ya pili 120,000. Mkoba 90,000. Kama unaishi Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, weka boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli, tuseme 110,000, na hili usilifute kupunguza jumla: unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishaingia kwenye vioo, fundi anaweza kuisafisha lakini mara nyingi inaacha alama. Kisha mahali pa kuhifadhia. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani itajaa kabla mtoto hajafunga shule. Diski ya nje, 250,000. Nyongeza zote ni 650,000, na jumla ni 3,050,000.

Sasa toa utakachopata ukiiuza baada ya miaka mitano. Hapa usijiamini. Mwaka 1990 Kahneman, Jack Knetsch na Thaler walichapisha majaribio ambamo waliopewa vikombe walidai, ili kuviuza, karibu mara mbili ya kiasi ambacho wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa. Kitu kikiwa chako kinapanda bei kichwani mwako peke yako. Basi tafuta leo kamera kama hiyo ya miaka mitano iliyopita inauzwaje ikiwa imetumika, na uandike bei ambayo watu wanalipa. Tuseme 900,000. Inabaki gharama halisi ya 2,150,000. Gawanya kwa mara 120 alizoandika mwenzako: karibu 18,000 kila unapotoka, au karibu 36,000 kwa mwezi.

Mstari wa mwisho ndio ambao watu wengi hawauandiki, nao ni wa kukodi. Ulizia wapiga picha wa mtaani kwako wanakodisha mwili wa kamera na lenzi kwa kiasi gani kwa siku. Tuseme 40,000. Gawanya 2,150,000 kwa 40,000, unapata kama 54. Kwa namba hizi, ukiitumia chini ya siku 54 katika miaka yote mitano, kukodi ni nafuu. Ukizidi hapo, nunua. Kwa mtu wa mara mbili kwa mwezi, kununua ni nafuu kuliko kukodi kwa kiasi kikubwa, na sasa una hoja ya fedha isiyo na hila ndani yake. Kwa mtu wa mara moja kila miezi miwili, siku ni 30 tu, na kukodi kwake ni 1,200,000. Huyo namshauri akodi bila kuona haya.

Mkiwa bado mnavutana, fikirini kununua iliyotumika. Sehemu kubwa ya kushuka kwa bei ameshaibeba mmiliki wa kwanza. Omba kuona idadi ya picha ambazo shata imepiga, maana kamera nyingi za bei ya chini hupimwa kwa uhai wa shata wa kama 100,000. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma na uangalie nyuzi za kuvu. Na kama una kamera ya zamani utakayoiuza ili kupunguza gharama, iuze kwanza. Ahadi ya "nitaiuza hiyo nyingine" ndiyo inayozalisha makabati yaliyojaa.

Sema unaitaka

Juu kabisa ya karatasi, kabla ya namba yoyote, andika sentensi moja: naitaka kamera hii kwa sababu napenda kupiga picha. Ni ngumu kuiandika kuliko safu zote za shilingi. Tumelelewa kuamini kwamba mtu mzima mwenye familia hutumia fedha kwa ada, matibabu, mabati na mbegu, na kwamba kinachobaki kinapaswa kuzaa. Kwa hiyo raha tunaivalisha koti la biashara ndipo tuingie nayo sebuleni. Mwenzako analiona koti. Akilikataa, wewe unafikiri amekataa kamera, kumbe amekataa kudanganywa.

Raha ni sababu halali. Mtu anayerudi nyumbani kutoka kwenye jambo analolipenda ni baba mwenye subira zaidi au mke mwenye maneno laini zaidi, na hilo mwenzako amelishuhudia au hajalishuhudia. Huhitaji kumthibitishia kwa kikokotoo. Sema unachokitaka, onyesha gharama yake yote, kisha umwachie nafasi ya kufikiri. Chagua wakati pia. Januari na Julai, ada zinapodaiwa, si miezi ya mazungumzo haya. Wala usiyaanzishe mbele ya wageni au wakwe, ambapo mwenzako atalazimika kukubali ili kulinda heshima.

Fungu la kila mtu

Mapatano haya hayapaswi kurudiwa kwa kila betri. Kaeni mkubaliane kiwango: kitu cha chini ya kiasi fulani hakihitaji mjadala, cha juu yake kinahitaji karatasi. Kisha tengeni fungu dogo la kila mmoja kila mwezi, lisiloulizwa maswali. Kama ni 36,000 za kamera, ni 36,000 za kwake pia, azitumie kwa vitenge, kwa saluni, kwa vitabu, au azitie kwenye kibubu.

Mimi nashikilia kwamba mafungu hayo yawe sawa kwa shilingi, hata kama mmoja analeta mshahara na mwingine haleti. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali juu ya mgawanyo wa mali baada ya talaka, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya wanandoa. Kama mahakama inaihesabu kazi hiyo watu wakiwa wanaachana, hakuna sababu nyumba isiihesabu wakiwa wanapendana. Maneno "ni pesa yangu" yafute kwenye mazungumzo haya.

Akikataa, uliza kama ni hapana ya kamera au hapana ya mwaka huu. Mara nyingi ni ya pili. Andikeni mwezi wa kulirudia jambo, na katikati ya hapo kodi kamera mara chache, ili namba ya matumizi ijazwe na kalenda.

Akikubali, nunua ile mliyokubaliana, si ile ya jirani yake kwenye rafu.

Na bei iliyotajwa nyumbani iwe ile iliyo kwenye risiti. Wapo wanaosema kamera ya milioni mbili na nusu ni ya laki sita, wakidhani wameepuka ugomvi. Ukisafiri au ukiugua na nyumba ikahitaji fedha, mwenzako ataiuza kwa laki tano na kumshukuru mnunuzi. Ikiibiwa, hata polisi ataandikisha thamani ya uongo. Piga picha namba ya utambulisho iliyo kwenye kila kifaa, iweke pamoja na risiti kwenye bahasha moja na hati nyingine za nyumba, na uandike humo majina ya watu wawili wanaojua bei za vifaa na wanaoweza kumsaidia kuviuza kwa haki. Bahasha hiyo mwonyeshe ilipo siku ileile kamera inapoingia mlangoni.